Posa ya Mzee Julius Semboja

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mzee Julius Semboja ni watoto wa watu. Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana katika kanisa letu dogo la Kilutheri, Kwamndolwa, hapa Korogwe mjini. Mchungaji, ambaye huja kwetu mara moja kwa mwezi, alikuwa amesimama madhabahuni na kikombe mkononi, na washarika walikuwa wakitoka benchi baada ya benchi kwenda kupiga magoti. Kila mama aliyepita kwenye benchi la mwisho la upande wa wanaume alimwachia Mzee Julius kitu. Mmoja alimwachia mtoto mchanga. Mwingine alimwachia mtoto mkubwa kidogo pamoja na mkoba. Bibi mmoja alimwachia fimbo, kisha akaghairi, akaichukua. Baada ya muda mfupi mzee alikuwa na mtoto kwenye kila paja, wa tatu amesimama mbele yake akivuta kifungo cha koti, na mikoba imepangwa pembeni kama iko dukani. Uso wake haukuonyesha chochote. Alikuwa akiimba besi.

Nilidhani amechaguliwa kufanya kazi hiyo. Nilimuuliza jirani yangu wa benchi kama kanisa hili lina mzee wa kushika watoto.

"Huyo? Huyo hali Chakula cha Bwana," alininong'oneza. "Hajafunga ndoa."

Nilimtazama tena. Mzee Julius ana mvi kichwa kizima. Mkewe, Dorkasi, ambaye mtaa wote humwita Mama Asnath kwa jina la binti yao mkubwa, alikuwa amekaa upande wa wanawake, naye hakusimama. Wajukuu wao wawili walikuwa kwenye kwaya ya watoto. Nilipouliza zaidi niliambiwa kwamba hali hiyo imedumu zaidi ya miaka thelathini, na kwamba katika muda huo mzee huyo hakukosa ibada ila alipougua.

Mzee Julius ni mwendesha mashine ya kusaga. Mashine yenyewe iko karibu na barabara, ndani ya kibanda cha bati, na injini yake ni ya dizeli. Kila asubuhi, kabla ya kuiwasha, huweka kiganja juu ya injini ikiwa bado baridi, hufumba macho na kuomba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake. Huomba vidole vyake visiguswe na mkanda. Huomba mkanda wenyewe ufike mwisho wa wiki. Humtaja kila mtoto wake kwa jina, na kila mteja aliyemwambia shida yake jana. Mwisho husema, "Na lile jambo letu la Handeni, Bwana, unalijua." Kisha huvuta hendeli.

Mzee Isihaka, jirani yake Mzigua ambaye huleta mahindi mapema ili apate nafasi ya kuzungumza, amezoea kusubiri sala hiyo iishe.

"Mgosi," alimwambia siku moja nikiwepo, maana ndivyo Wasambaa na Wazigua wanavyomwita mwanamume wanayemheshimu au wanayetaka kumchokoza, "mbona habari za mkanda unamwambia Mungu? Fundi yuko pale Manundu."

"Fundi namwambia ukikatika. Mungu namwambia kabla."

"Na ukikatika hata hivyo?"

"Namwambia tena."

Injini ikishawaka hakuna anayemsikia mwenzake. Hapo ndipo Mzee Julius huimba nyimbo za kitabuni, beti zote, midomo ikienda na unga ukimtua kwenye nyusi. Nilimuuliza faida ya kuimba mahali ambapo hata yeye hajisikii. Alinijibu kwamba wimbo haumhusu yeye.

Jambo la Handeni lilikuwa hivi. Julius alipokuwa kijana alishuka kutoka kwao Bumbuli kwenda kufunga mashine ya kusaga katika kijiji kimoja nje ya Handeni. Huko alimwona Dorkasi. Baba yake Dorkasi hakukataa posa, ila alisema wangoje mavuno yaishe. Kazi ya mashine iliisha kabla ya mavuno. Alfajiri moja Julius na Dorkasi walipanda lori la mahindi wakaja Korogwe, na Julius aliacha ujumbe kwamba watarudi kuongea. Baba mkwe alifariki kabla hawajarudi.

Kanisa la Korogwe lilimpokea Julius kwa sharti moja: arudi kwa ndugu wa mwanamke, aombe radhi, apate ridhaa yao, ndipo ndoa ifungwe. Mpaka hapo, yeye na Dorkasi wangekaa mbali na Meza. Julius aliona ni haki. Alidhani itachukua miezi.

Alianza mara moja kumtafuta kaka yake Dorkasi, Fransisko, ambaye baada ya kifo cha baba ndiye aliyebaki katika nyumba ile. Kila Krismasi alimpelekea sukari na jogoo, na kila Krismasi aliomba msamaha. Fransisko alipokea sukari, akapokea jogoo, akasema, "Tutaona, shemeji." Krismasi moja baada ya nyingine ilipita hivyo. Wazee wa kanisa waliokuwa wamemwekea Julius sharti lile walizeeka, wengine wakazikwa, na Julius aliwaimbia makaburini.

Watu walimshauri. Kulikuwa na makanisa mengine mjini ambayo yangempokea bila kumuuliza habari za Handeni. Alikataa bila hasira. "Nikihama kwa sababu ya njaa," alisema, "nitakuwa nimefuata chakula tu."

Nilitaka kuelewa ni nini kinachomshikilia, nikamuuliza bila kuzunguka, pengine bila adabu ya kutosha. Alikuwa akifagia pumba. Alifagia mpaka kwenye kona, kisha akaniambia habari za mwanawe wa pili, Denis, aliyefariki kwa homa akiwa darasa la tano. Siku ile, alisema, hakuweza kuomba. Alifungua mdomo, neno halikutoka. Watu wa kanisa walikuja, wakakaa kwenye uwanja wake, wakaomba kwa niaba yake siku zote za matanga, na hakuna aliyemuuliza kama yeye ni mtu wa Mezani au si wa Mezani.

"Nilikuwa kama gunia," alisema. "Walinibeba. Tangu siku hiyo, nikiamka nikakuta naweza kuomba, naomba. Si kazi."

Akaendelea kufagia.

"Kitu kimoja tu kimebaki," aliongeza. "Nataka nipige magoti pale mbele, Mama Asnath akiwa pembeni yangu, kabla mmoja wetu hajaondoka. Mara moja tu inatosha. Zikizidi, nashukuru."

Mwaka huu, mwanzoni mwa Kwaresima, mwinjilisti wetu Janeth alihubiri juu ya mtu anayeleta sadaka huku kuna ndugu mwenye jambo naye. Ni mhubiri wa sauti ndogo, na siku hiyo mvua ilikuwa ikipiga bati, kwa hiyo wengi hawakusikia. Mzee Julius, aliyezoea kelele za mashine, alisikia vizuri. Alielewa kwamba kwa miaka yote alikuwa akimtuma jogoo, naye mwenyewe alikuwa akibaki mlangoni akiomba msamaha kwa haraka kwa sababu gari la kurudi lilikuwa linaondoka. Jumatano alifunga mashine mchana kweupe. Wateja walidhani kuna msiba.

Alimwomba Mzee Isihaka amsindikize awe mshenga wake.

"Mimi Mwislamu nikakuposee mke wa kanisani?" Isihaka aliuliza.

"Unajua Kizigua."

"Hilo kweli."

Walifika kwa Fransisko saa za chai. Mzee Julius hakubaki mlangoni. Aliingia, akakaa chini kwenye mkeka, akaeleza kosa lake tangu lile lori mpaka leo, bila kupunguza. Nimesimuliwa habari hii na Mzee Isihaka, na Mzee Julius aliisikia akinisimulia na hakusahihisha chochote.

Fransisko alimaliza chai yake. "Shemeji," alisema, "mimi nilishakusamehe zamani. Tangu mwaka ule wa yule jogoo mwekundu."

"Basi njoo useme hivyo mbele ya mchungaji."

"Niseme kama nani?"

"Kama mwenye dada."

"Mwenye Dorkasi ni mjomba," Fransisko alisema. "Mjomba Mwinjuma. Mimi ni kaka tu. Neno langu halifungi ndoa wala halifungui."

Mzee Julius alimtazama. Kwao milimani, binti ni wa baba yake, na baba akifa kaka hukaa mahali pake. Haikuwahi kumjia kwamba watu wa huku tambarare, anaonunua kwao mahindi na kuzikana nao, wanahesabu kwa upande mwingine. Kwa Wazigua wa ukoo ule, mwenye kauli juu ya binti ni kaka wa mama yake.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

Fransisko alifikiri kwa uaminifu. "Hukuuliza," alisema. "Ulikuwa unaleta jogoo."

Mzee Isihaka, ambaye mpaka hapo alikuwa ametulia kama mshenga anavyotakiwa, aliweka kikombe chini. "Ngoja kwanza. Mgosi, yale majogoo yote ulikuwa unampelekea kaka? Kwa Wazigua?"

"Nilikuwa natafuta ridhaa."

"Mimi nilidhani mna urafiki!"

Walichukua bodaboda mbili wakaenda kwa mjomba siku hiyo hiyo. Kwao Dorkasi upande wa baba ni wa kanisani na upande wa mama ni wa msikitini, jambo ambalo Handeni halimshangazi mtu. Mwinjuma alikuwa amekaa barazani akipukuchua mahindi. Ni mzee sana, na macho yake hayaoni mbali.

"Shikamoo, mjomba," alisema Mzee Julius.

"Marahaba. Nani?"

"Ni Julius, mume wa Dorkasi."

"Dorkasi hana mume."

Mzee Isihaka alianza kukohoa kishenga, lakini Mzee Julius alimtangulia.

"Ni Julius, niliyemchukua Dorkasi."

"Hapo sawa," alisema mjomba. "Kaa."

Wakakaa. Mjomba aliendelea na gunzi lake mpaka likaisha. "Mmechelewa," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Mwaka ule niliacha hata kwenda mnadani. Nilisema nikitoka, wageni watakuja wasinikute. Mwaka uliofuata nikaanza kwenda, lakini narudi mapema."

Mzee Julius alivua kofia yake, akasema tena kosa lake lote, mara ya pili kwa siku moja, na safari hii sauti ilimkatika katikati. Mzee Isihaka anasema alitazama kuku, kwa heshima. Julius alipomaliza aliuliza kama anaweza kuomba kwa jinsi ya kwao.

"Omba," alisema mjomba, "ila ifupishe, mahindi yanasubiri."

Sala ilikuwa fupi. Mjomba aliitikia "Amina" ya kwake, kisha akatoa masharti. Mbuzi wa mjomba aletwe, naye aje anatembea kwa miguu yake, asije akiwa nyama. Dorkasi arudi hapa nyumbani, akae na wenzake, aolewe akitokea kwenye mlango huu kama binti mwingine yeyote. Na yeye Mwinjuma atampeleka mwenyewe kanisani na kumkabidhi kwa mkono wake.

"Huko ndani mnavua kofia?" aliuliza mwishoni.

"Sisi tunavua, mjomba."

Mwinjuma alilipima jambo hilo. "Muulizeni mkubwa wenu," alisema.

Baadaye mchungaji alijibu kwamba kofia ya mjomba haina shida na kanisa, na jibu hilo lilipelekwa Handeni kwa simu siku hiyo hiyo.

Jioni ya Jumatano ile, aliporudi Korogwe, Mzee Julius alimkuta Dorkasi uwanjani akichambua mchele.

"Ulikuwa unajua kwamba neno liko kwa mjomba?"

"Nilikuwa najua."

"Miaka yote hii?"

"Baba Asnath," alisema Dorkasi, akitoa kokoto, "mwanamke hajipelekei posa. Ningekuonyesha njia ya kwa mjomba wangu, ningekuwa nimejioa mwenyewe. Nilimwachia Mungu akuonyeshe."

"Amechukua muda."

"Wewe ndiye uliyechukua muda. Ulikuwa unamwomba kuhusu mkanda."

Mzee Julius alikaa karibu naye akaanza kusaidia kuchambua. Dorkasi alimwachia, ingawa, kama alivyoniambia baadaye, kokoto zilizobaki alizitoa upya.

Sisi hatufungi ndoa wakati wa Kwaresima, kwa hiyo Jumapili ya pili baada ya Pasaka ndiyo iliyopangwa, na mchungaji alikubali kuja. Tangazo lilitakiwa kusomwa Jumapili tatu. Mwinjilisti Janeth alisoma la kwanza kwa maneno yale yale yanayosomewa kila mtu: kwamba kijana wetu Julius Semboja anatarajia kumwoa binti Dorkasi wa Handeni, na mwenye kujua kizuizi chochote atoe taarifa. Kijana na binti walikuwa wamekaa kila mmoja upande wake, wametazama mbele. Wajukuu kwenye kwaya waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika.

Jumapili ya pili mama mmoja alisimama katikati ya tangazo.

"Mwinjilisti, mimi nina kizuizi."

Mzee Julius aliweka mkono kwenye benchi la mbele yake.

"Kiseme," alisema Janeth.

"Huyu mzee akianza kula, sisi watoto wetu atatushikia nani?"

"Hicho si kizuizi, mama. Hayo ni mahitaji. Keti."

Nilikuwa nimekaa karibu na Mzee Julius, na niliona mkono wake haukutoka kwenye benchi mpaka tangazo lilipokwisha. Nje nilimwambia kwamba ulikuwa utani. Aliniambia anajua kwamba ulikuwa utani, ila miguu yake haikujua.

Mbuzi alipelekwa akitembea. Mjomba alimgusa pembe, akasema anafaa. Jumatatu iliyopita Dorkasi alifunga nguo zake kwenye begi, akamwonyesha mumewe mahali pa chumvi na mahali pa kiberiti, akapanda gari la Handeni kwenda kuwa mwari. Tangu siku hiyo Mzee Julius anajipikia. Jumanne alikuwa hakumbuki tena mahali pa chumvi. Alipiga simu, ikapokewa na Munira, binti wa mjomba.

"Bibi harusi haongei na wanaume," alisema Munira.

"Ni mimi, Julius."

"Ndiye tuliyeambiwa hasa."

"Nataka kuuliza chumvi."

"Mambo ya chumvi ni baada ya ndoa, shemeji," alisema Munira, na nyuma yake zikasikika sauti za wanawake wengi wakicheka. Mzee Julius anaamini kwamba moja ilikuwa ya Dorkasi. Alikula ugali bila chumvi siku hiyo, na asubuhi nilimsikia akitoa taarifa yake juu ya injini kama kawaida, isipokuwa mwishoni hakutaja tena jambo la Handeni. Alisema tu, "Asante," akapapasa injini kama mtu anayetafuta kilichokuwa kinafuata, kisha akavuta hendeli.

Leo ni Jumamosi. Mashine imefungwa tangu mchana. Mzee Isihaka amekodi Noah itakayotoka Handeni kesho baada ya swala ya alfajiri, mjomba akiwa kiti cha mbele na bibi harusi nyuma pamoja na Munira. Fransisko atakuja na basi, na amesema ataleta jogoo. Ibada ni saa tatu. Ndoa itafungwa kwanza, na Meza itafuata.

Nimetoka kanisani sasa hivi. Tulikwenda na mwinjilisti Janeth kupanga viti, tukamkuta Mzee Julius yuko peke yake mbele ya madhabahu, amepiga magoti kwenye kile kigodoro kirefu, ameshika reli.

"Unaomba, mzee?" Janeth aliuliza taratibu.

"Hapana, mwanangu. Najifunza kupiga magoti."

"Kupiga magoti hakuna mtu asiyejua."

"Kuinuka ndiyo kazi," alisema. Akashika reli kwa mikono miwili, akainuka kwa awamu, akasimama. Akatazama nafasi iliyo upande wake wa kushoto, akasogea kulia kidogo kuiongeza. Akapiga magoti tena.

Simu yake ilipolia tulimsaidia kuitoa mfukoni. Alikuwa Munira, na sauti yake ilisikika kanisa zima.

"Shemeji, huku kuna tatizo. Mjomba wenu ameshavaa kanzu."

"Lakini ni kesho," alisema Mzee Julius.

"Tumemwambia ni kesho. Anasema anajua. Amekaa barazani."